Mtoto Usiyelala wa Jirani

Mwaka nilipokuwa namalizia masomo ya jioni, mwalimu wetu wa Hisabati, kijana ambaye kama ningeyaharakisha maisha ningeweza kumzaa, alichora alama ya pai ubaoni akatuuliza ni ngapi. Darasa zima la watu wazima, walinzi, wauza mitumba, mama mmoja mwenye genge la mbogamboga, likajibu kwa sauti moja: ishirini na mbili kwa saba. Mie nikanyoosha mkono, nikasimama, nikaanza kuimba wimbo wa kubembelezea mtoto. Sijafika hata katikati, mlinzi mmoja akauliza, "Braza, mtoto mwenyewe umemwacha wapi?" Kicheko kilichofuata kilitaka kung'oa bati. Nilicheka nao, tena mie ndiye niliyecheka kuliko wote. Lakini rafiki yangu, nikwambie ukweli, chini ya kile kicheko ulikuwepo wivu wangu wa darasa la saba, umekaa palepale nilipouacha, mzima wa afya.

Tulikuwa tunakaa Tandika, nyumba mbili zilizogawana ukuta mmoja. Ukipiga chafya kwetu, kule wanakuombea afya. Sie tulikuwa watu wa bara. Baba karani Kurasini, mama fundi cherehani, chakula ugali na dagaa, kesho yake dagaa na ugali. Upande wa pili alikaa msichana tuliyesoma naye darasa moja, pamoja na mama yake, mdogo wake mchanga, na bibi yake, mtu wa pwani kindakindaki. Basi kule ukutani kulikuwa kunapenyaga harufu ya nazi inayochemka, ya iliki, ya mkate wa kumimina, mpaka dagaa wangu nawaona kama adhabu. Na yule bibi! Akikuona tu anakuuliza, "U hali gani, mjukuu wangu?" kwa sauti laini kama anakupaka mafuta. Bibi yangu mie alikuwa Singida, namjua kwa picha moja, tena kwenye hiyo picha kageuka pembeni. Nilimwonea yule msichana gere kwa kila kitu alichokuwa nacho, mpaka yule mtoto mchanga aliyelia kama king'ora, kwa sababu angalau alikuwa wa kwao.

Sasa siku moja mwalimu wetu wa Hisabati wa darasa la saba akatutoa nje, akatupeleka kwenye kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, inagongwa kwa kipande cha nondo, na mlio wake, naapa, ulifika Kurasini, madereva wakaacha malori wakaenda kula. Mwalimu akaizungushia uzi wa katani, akaukata. Kisha akaulaza ule uzi kwenye kipenyo cha rimu: mara moja, mara mbili, mara tatu, kikabaki kijipande.

"Mnakiona hiki?" akasema. "Hiki ndicho kinachowatoa jasho wataalamu. Kihesabu utakavyo, hakiishi."

Tuliporudi ndani akaandika tarakimu za pai toka pembe ya ubao mpaka pembe, chaki ikamwishia mkononi. Akatoa na shindano: Ijumaa, atakayezitaja nyingi kuliko wenzake bila kukosea, ndiye atakayegonga kengele mpaka muhula uishe.

Labda wewe hujui maana ya kugonga kengele. Anayegonga kengele ndiye anayewatoa walimu ofisini. Ndiye anayeamua uji unywewe. Mwalimu mkuu mwenyewe, na fimbo yake, anakusubiri wewe! Niliitaka ile nondo kuliko nilivyotaka viatu, na viatu vyangu vilikuwa vinacheka.

Nikaanza kukariri. Nilikariri nikifagia uwanja, nikiosha masufuria, nikibeba ndoo za maji. Mama alinituma dukani chumvi, nikamwambia muuza duka, "Nipe moja nne moja tano tisa," akaniuliza kama nina homa. Kitandani ndiyo usiseme. Nilizipiga tarakimu kwa sauti kama mnadani, mpaka upande wa pili wakagonga ukuta. Sikujali. Tena nilikuwa na furaha ya siri, kwa sababu yule jirani yangu sikumsikia akikariri hata siku moja. Kazi yake kumbembeleza mdogo wake tu, wimbo uleule, asubuhi, mchana, jioni:

*Ewe, u nani? U mtoto usiyelala wa jirani?*
*Ulale leo upesi, msumbufu; usilielie, nyamaza, nimechoka!*

Nikajisemea, imba mama, imba. Mwenzio naenda kutawala shule.

Ijumaa ikafika. Wa kwanza alisema ishirini na mbili kwa saba, akakaa. Wa pili akaishia kwenye tano. Nilipoitwa mie nilitoka na kifua mbele, nikazimwaga: tatu nukta moja nne moja tano tisa mbili sita tano tatu... hapo ubongo ukazima kama umeme wa Tandika. Hata hivyo darasa lilinipigia makofi, na mkono wangu wa kulia ukaanza kuwasha, unaitaka nondo.

Kisha akatoka jirani yangu. Akafumba macho, akaanza kuimba. Ule wimbo. Wa mtoto. Darasa likaangua kicheko, nami nikaongoza. Lakini alikuwa akiimba neno, anahesabu herufi zake kwa vidole, anataja tarakimu. "Ewe, tatu. U, moja. Nani, nne. U, moja. Mtoto, tano. Usiyelala, tisa." Mwalimu akaacha kutabasamu. Akachukua chaki, akaandika maneno ubaoni, chini ya kila neno idadi ya herufi zake. Alipofika "nimechoka", tisa, akakaa juu ya meza, akacheka mpaka akavua miwani.

Mie nimekesha, nimepigiwa ukuta, nimekosea chumvi, na huyu alikuwa anabembeleza mtoto!

"Mwalimu, hapana!" nikapiga kelele. "Hiyo 'u' siyo neno! Nani anasema 'u nani'? Watu wanasema 'we nani'!"

Darasa likagawanyika. "Kweli, mwalimu, herufi moja siyo neno!" Mwalimu naye, mtu wa Iringa, akakuna kichwa. Nikaiona nondo inanirudia.

Jirani yangu akanigeukia taratibu, mkono kiunoni. "Wewe! Si wewe kila Jumapili unatupigia kelele ukutani, 'Bwana, u mwema, u mwema'? Hiyo 'u' yako ya kanisani nayo siyo neno?"

Yarabi. Hata waliokuwa upande wangu walinikimbia. Maana ni kweli, nilikuwa mwimbaji wa kwaya ya watoto, sauti ya kwanza, na lile neno nililiimba kila wiki bila kulitazama usoni. Nilikuwa namwonea gere bibi yake kwa Kiswahili chake, kumbe nami ninacho, kimekaa mdomoni kama pipi niliyosahau kuimung'unya.

"Na huyo 'mtoto usiyelala wa jirani'," mwalimu akauliza, "ni nani?"

Jirani yangu akanyoosha kidole tu. Kwangu.

Muhula mzima aligonga ile rimu, na kila mlio ulinipiga mie kichwani. Nikaapa nitamkomesha. Wimbo wake ulikuwa unarefuka kila wiki, sijui maneno aliyatoa wapi, nami nikaona dawa yake ni moja. Nikamfuata mwalimu nikamuuliza, katika pai, sifuri ya kwanza iko wapi? Akafungua kitabu chake, akanionyesha: mbali huko, baada ya tarakimu thelathini na kitu. Nilirudi nyumbani mbio, nikapanda ndoo, nikachungulia juu ya ukuta.

"Haya, fundi! Mbele kuna sifuri. Tuone utaweka neno gani lisilo na herufi."

Bibi yake aliyekuwa anakuna nazi akamcheka, "Leo umeshikwa, mjukuu wangu." Zikapita siku nyingi, nami nikilala usingizi wa mshindi. Halafu alasiri moja nikamsikia anaimba, mtoto begani, anazunguka uani. Akapita palepale nilipopajua, akaenda mbele, neno baada ya neno, nami nahesabu kwa vidole upande wangu. Alipofika kwenye sifuri, akanyamaza. Pumzi moja hivi. Na mtoto, ambaye kwa kawaida angelia mpaka Mbagala wakamsikia, akanyamaza naye. Alikuwa kalala.

"Umesikia?" akanong'ona juu ya ukuta. "Ndiyo hiyo."

Niliingia ndani nikalia kwa wivu, na sijawahi kulilia kitu kizuri namna ile.

Leo ule ukuta haupo, pamejengwa fremu za maduka. Shule ina kengele ya umeme, inalia yenyewe, haina mtu wa kuonewa gere. Bibi tulimzika zamani, na mtaani siku hizi ukimuuliza mtu "u hali gani" anadhani umekatika maneno. Yule jirani yangu kaolewa Tanga. Mwezi uliopita nikakutana na yule mtoto wa begani, sasa jitu la miraba minne, anapakia makontena Kurasini. Nikamwimbia mstari wa kwanza, nikimwangalia usoni, nikingoja.

"Shikamoo, braza," akaniambia. "Huo wimbo sijawahi kuusikia."

Nyie! Mie niliambulia vipande, kwa kuviiba ukutani. Yeye kaimbiwa pai yote sikioni, kila siku ya Mungu, mpaka kwenye sifuri, na akalala.