Ndege Imekuja

Wifi yangu alipofika Guangzhou alikuwa na masanduku matatu matupu. Mawili makubwa, meusi, kama ya kila mfanyabiashara. La tatu lilikuwa dogo, la pinki, lina magurudumu na sura ya paka. Nikamuuliza, "Wifi, na hili je?"

"La mtoto, wifi. Nimeona nisije mikono mitupu."

Nikamwambia mwanangu aseme asante shangazi. Akasema. Nikiikumbuka ile asante mpaka leo damu inanichemka.

Ningeshtuka mapema kama ningekuwa na akili. Mwaka mpya wa Kichina ulikuwa haujaisha. Soko lote la viatu la Zhanxi milango ya chuma ilikuwa imeshushwa, soko la nguo la Shisanhang umebaki upepo na mifuko ya plastiki. Wasichana wa maduka walikuwa bado makwao mikoani. Mtu anayekuja kununua magauni haji soko likiwa limefungwa, na wifi yangu si mgeni wa biashara hii. Lakini mimi nilikuwa nimefurahi tu kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili.

Sisi tunakaa chumba kimoja, nyuma ya Zhanxi. Nusu ya chumba ni maboksi. Mume wangu anapokea mizigo ya watu wa nyumbani, anaifunga kwa gundi ya utepe, anaipeleka kwenye kontena. Mimi nazunguka madukani kupiga picha za viatu na kuwatumia wateja wa Morogoro na Dodoma. Mwanangu zamani alikuwa mgongoni kwangu, sasa anatembea, ana miaka minne, na ndiye mkalimani wetu. Mimi Kichina changu ni cha soko. Najua laoban, ndiyo bosi. Najua meiyou, ile "hakuna" wanayokutupia bila kuinua macho kwenye simu. Yeye anaongea kama wao kabisa, mpaka pua anaikunja kama wao.

Kinachochechemea ni Kiswahili chake. Anasema "mama imeenda", anasema "kiatu amepotea". Baba yake anacheka, anamrekodi, anawatumia ndugu zake wacheke pia. Mimi namrekebisha. Nimeishia kidato cha nne, hesabu zilinitoa machozi, ila Kiswahili nilifaulu, na sitaki mwanangu achekwe na watu wanaompenda.

Sasa, chini ya jengo letu alikuwepo mama mmoja wa Kichina aliyeuza tambi za supu. Tulimwita Ayi, yaani mama mdogo, kama wanavyoitana wao. Mwaka juzi alifunga kibanda akarudi kijijini kulea mjukuu wake, lakini hakumsahau mwanangu. Akawa anampigia simu ya video. Sikukuu ile akasema twende wote tukale kwake, na shangazi pia aje. Tukapanda basi kuelekea kaskazini, mvua inapiga vioo, wifi anaulizia choo kila kituo.

Bonde la kwao lilikuwa limefurika. Mvua za mwisho wa kipupwe zilikuwa zimenyesha siku baada ya siku, mto ukatoka kwenye njia yake ukalala juu ya mashamba ya mpunga. Kilichobaki juu ya maji ni matuta, mabua makavu na migomba iliyochakaa. Nyumba ya Ayi ilikuwa mwinuko kidogo, ndiyo maana ilikuwa kavu.

Mlangoni tulimkuta mjukuu wake, msichana wa kama miaka sita. Alikuwa amevaa ndala kubwa za kike, vidole vyake vinaishia katikati. Wazazi wake walikuwa wamemaliza likizo na asubuhi ile walikuwa wameondoka kurudi kiwandani, mji mwingine. Wanarudi mwaka mpya ujao. Mwanangu alimsalimia, akageuza uso. Ayi alimwekea bakuli, hakuligusa.

"Ayi anasema kesho itasahau," mwanangu akatafsiri.

"Atasahau," nikamrekebisha. "Mtu ni a. Atasahau."

Wifi yangu alimtazama yule mtoto, kisha akatazama tambi zake. Niliona. Nikafikiri anamwonea huruma.

Baada ya kula mvua ilikatika, Ayi akatutoa kutembea juu ya tuta kuu. Na hapo nitasema kweli, nilisahau shida zangu zote. Nimekulia Ifakara. Bonde lililofurika nalijua tangu sijajua kuandika. Yangeyange walikuwa wamejaa, weupe kama mashuka yaliyoanikwa, shingo wamezivuta ndani kwa baridi. Mnandi, wale weusi wanaopiga mbizi, walikuwa juu ya nguzo za mianzi wametanua mabawa yakauke, na jua lenyewe halipo. Mdiria mmoja wa buluu kali alikaa kwenye bomba la maji, akajitupa, akarudi na kidagaa. Katikati kabisa, pale maji yalipokuwa mapana, bata wa porini walikuwa wameelea wamegeuza vichwa nyuma, wamelala.

"Ayi anasema hii bata siyo yake," mwanangu akasema. "Imetoka mbali, kuna barafu. Imekuja kula tu. Itaenda kwao."

"Hawa bata si wake. Wametoka mbali. Ndege wana roho, hatusemi imetoka."

"Wametoka," akasema.

"Wifi, mwache mtoto apumue," wifi akasema. Alikuwa anachagua pa kukanyaga, ana viatu vyeupe. "Na hii baridi jamani, hawa ndege hawana kwao?"

Mume wangu alikuwa mbele yetu, simu juu, anarekodi bata aweke kwenye status.

Ndipo korongo alipokuja. Yule wa kijivu, mkubwa. Alipita chini chini juu ya maji, miguu inaning'inia, akatua kwenye tuta mbele yetu, akakunja mabawa yake taratibu kama mtu anayevua koti. Mimi nilitabasamu. Mwanangu alinishika suruali kwa mikono yote miwili.

"Mama, ndege imekuja."

"Amekuja. Sema, ndege amekuja."

"Imekuja!" Alikuwa ameanza kulia. "Ni ndogo! Tutaanguka!"

"Nani ataanguka, mwanangu?"

"Mimi na shangazi. Baba alisema ndege ikija napanda na shangazi naenda kwa bibi. Mama unabaki, unauza viatu. Nisikwambie, ni sapraizi."

Nilisimama pale. Niliisikia ile i. Mwanangu hukosea kila kitu, mtu na kiatu, lakini siku ile hakukosea. Alirudia neno kwa neno alivyoambiwa. Ndege mwenye manyoya anakuja. Ndege yenye injini inakuja. Baba yake ana Kiswahili kizuri, alisema ikija. Mtoto hajawahi kupanda ndege hata moja, kazaliwa hapa hapa, ndege anaowajua ni hawa wa kula samaki. Alikuwa amekaa na jambo hilo kifuani siku zote hizo, akingoja ndege wa kumbeba aje amwondoe kwangu, na akawa hasemi kwa sababu ameambiwa ni zawadi yangu.

Nikamgeukia wifi. Alikuwa anaangalia viatu vyake vyeupe.

Ifakara tulikuwa na kazi inaitwa kuamia. Unakaa kwenye kichanja shambani tangu alfajiri, una kopo la mawe, na kwelea kwelea wakishuka kwenye mpunga unapiga kelele mpaka waondoke. Kelele ile ina sauti yake, inatoka tumboni. Sikuwahi kuitumia tangu utoto. Nikaitumia siku ile. Nilimwita mume wangu kwa jina lake, na la baba yake, na la ukoo. Korongo akaondoka. Yangeyange wote wakanyanyuka kwa pamoja, bata wakaamka wakakimbia juu ya maji, bonde zima likawa mabawa. Mume wangu akashusha simu.

"Kuna nini?"

"Tiketi ya mtoto ni ya lini?"

Akamtazama dada yake. Hicho ndicho kilichoniudhi kuliko vyote, kwamba alimtazama dada yake kwanza.

"Mke wangu, punguza sauti, watu wanasikia."

"Watu gani? Bata?"

"Tungekwambia."

"Lini? Nikishafunga zipu ya sanduku la paka?"

"Wifi," dada yake akaingilia, sauti ya upole, ile ya kanisani, "mimi nasaidia tu. Mama yuko peke yake, nyumba kubwa. Mtoto atakula vizuri, atacheza nje. Atakijua Kiswahili."

"Kumbe tatizo ni Kiswahili! Mngeniambia niongeze bidii. Huyu alidhani anapandishwa mgongoni mwa korongo, na nyie mkamwacha adhani."

"Hatukujua anafikiria hivyo," mume wangu akasema.

"Hamkumuuliza."

Akasogea karibu, akabadilisha sauti. "Si unaona tunavyoishi? Mtoto analala juu ya maboksi ya watu. Ulisema mwenyewe umechoka."

"Nilisema nimechoka. Sikusema mchukueni."

Na huyu mwanaume anajua. Nilimsimulia kabla hajanioa. Mama yangu aliniacha kwa bibi nikiwa mdogo, aliniambia anakwenda sokoni. Alikwenda Dar kutafuta maisha, na maisha aliyapata, sikatai, alituma sare za shule na sukari. Mimi niliamia mpunga nikimwangalia kila mtu anayepita njia ya tutani. Aliporudi nilikuwa nimeshajua kusoma. Alikuja na gauni la kipimo cha mtoto aliyemwacha, halikupita mabegani. Nikamwamkia, shikamoo, nikarudi nyuma ya bibi. Bibi akanifinya, "Wewe, huyu si mama yako?" Nilijua ni mama yangu. Ndiyo maana nilirudi nyuma. Nilipomsimulia mume wangu hayo alilia, kweli, machozi kabisa. Nikasema huyu ndiye. Machozi hayana kazi.

Ayi alikuwa amesimama akitutazama mmoja mmoja. Akainama akamuuliza mwanangu. Mwanangu akamweleza kwa Kichina, kwa kirefu, anapangusa kamasi kwa mkono. Ayi akaitikia kwa kichwa, akasema maneno.

"Ayi anasema ni kawaida. Anasema baba na mama wanafanya kazi, bibi analea. Mtoto atakua."

Nikageuka nyuma. Mjukuu wa Ayi alikuwa ametoka, amesimama mwanzo wa tuta na zile ndala za mama yake, anaangalia barabara ya basi.

"Mwambie Ayi amuulize yule kama ni kawaida."

Mwanangu akasema. Ayi alimtazama mjukuu wake. Nikajuta kidogo, maana yule mama hakunikosea kitu, na najua hakuna aliyemuuliza kama anataka kufunga kibanda chake cha tambi. Kisha akasema neno fupi.

"Anasema maji yanapanda. Turudi."

"Tiketi imeshakatwa," mume wangu akasema nyuma yangu, kama mtu anayesoma tangazo.

"Basi mpandishe korongo."

Tukapanda basi la kurudi. Mwanangu alilala mapajani kwangu, na hata usingizini alikuwa ameshika suruali.

Siku zilizofuata niliishi kama askari. Pasi ya kusafiria ya mtoto niliiweka ndani ya blauzi yangu na nikaoga nayo ikiwa juu ya kisahani cha sabuni, mbele ya macho yangu. Mtoto nilimfunga kitenge mgongoni ingawa miguu yake inafika magotini kwangu, na masoko yalipofunguliwa nilizunguka naye hivyo hivyo. Malaoban wa Zhanxi walinicheka, mmoja akaniuliza kwa mikono kama mtoto anaumwa. Nikamjibu meiyou. Usiku mume wangu alijaribu maneno ya kila aina. Kwamba ningekuwa huru. Kwamba ni mwaka mmoja tu. Kwamba namdhalilisha mbele ya dada yake. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa la kweli, mengine alikuwa anayatafuta.

Siku ya wifi kuondoka, masanduku meusi yalikuwa yamejaa magauni. La pinki lilikuwa mlangoni, na yeye anaona haya kuligusa.

"Chukua wifi, limejaa," nikamwambia. Nilikuwa nimeweka ndala za mama mkwe, pea nyingi, nzuri, zile laini za wazee wenye miguu inayovimba. "Umpe mama shikamoo yake. Umwambie hizi ni za safari. Akimtaka mjukuu wake, aje yeye, tutabanana hapa kwenye maboksi. Ndege ipo."

Wifi akavaa viatu vyake vyeupe. Aliliburuta lile la paka mpaka kwenye lifti.

Mume wangu bado yuko hapa, na mimi bado niko hapa, na tunafunga mizigo pamoja kwa sababu gundi inahitaji watu wawili. Nimemwambia neno moja tu kuhusu jambo lile: akitaka kulitaja neno ndege mbele ya mtoto, amwonyeshe kwanza kwa kidole.

Juzi mbayuwayu walianza kujenga kwenye bati la kile kibanda alichokiacha Ayi. Mwanangu aliwaona kabla yangu. Alisimama chini yao, akahesabu kwa Kichina, kisha akaniita.

"Mama! Ndege wamekuja!"

Mume wangu akainua kichwa kutoka kwenye maboksi, anatabasamu. "Umesikia? Leo amepatia."

Nilisikia. Nikakata gundi kwa meno, nikamwambia ashike upande wake.