Zizi Safi la Mama

Kondoo wa marehemu baba walizoea kuzurura kando ya reli, hapa Lubunga, wakila majani na kuwaudhi majirani. Baba alipofariki, mama aliogopa wezi akawafungia zizini. Na kwa kuwa kila Idi mmoja wao huchinjwa, hakutaka wakae katika uchafu. Kila asubuhi, akishaswali, aliiosha sakafu kwa ndoo za maji ya mto. Zizi lile lilikuwa safi kuliko chumba changu, na hakuchoka kunikumbusha.

Kisha wanakondoo wakaanza kuhara damu. Mtaa mzima ukawa daktari: minyoo, minyoo tu. Tukawapa dawa ya minyoo, wakafa. Tukarudia, wakafa. Mama zao tuliwauza mmoja mmoja ili tununue dawa hiyo hiyo. Akabaki jike mmoja mdogo, uzao wa mwisho wa kundi la baba, naye akaanza kuhara.

Nilikinga kinyesi chake kabla hakijagusa chini, nikakifunga kwenye jani la mgomba, nikapanda mtumbwi kuvuka mto kwenda mjini. Bibi mmoja mle mtumbwini akakichungulia kifurushi changu, akidhani ni samaki wa kupikwa ndani ya jani.

"Iko liboke ya samaki gani?"

"Ya mavi ya kondoo."

Akasogea mbali. Siku nyingine ningecheka.

Daktari wa mifugo alikikoroga katika maji ya chumvi, akachuja, akasubiri, kisha akainamia hadubini. Nilimwomba Mungu iwe minyoo. Minyoo angalau nilikuwa naijua.

"Haiko minyoo," akasema. "Iko coccidies, tududu tudogo sana twa mu matumbo. Dawa ya minyoo haifanye tududu tule kitu. Alors, zizi yenu iko na maji-maji? Tududu tule tunapenda sana maji."

Nikamweleza habari za ndoo za mama. Akanipa dawa nyingine, akanionya kwamba bila sakafu kavu ni kazi bure, mnyama atavimeza tena vijidudu vile vile kutoka chini.

Njia nzima nilitafuta uongo. Niseme ni mvua? Mama angeendelea kuosha. Ningeuokoa moyo wake na kumuua kondoo.

Nilimkuta mlangoni mwa zizi na ndoo ya maji. Kondoo alikuwa amehara tena, naye alitaka kusafisha. Nikamwambia yote. Aliiweka ndoo chini.

"Donc ni miye niliua bakondoo ya papa yako?"

Niliwachukia wote: wezi, majirani na minyoo yao, hata daktari na hadubini yake. Mama alifungua kikwembe chake cha juu, kitenge alichojifunga kiunoni, akapiga magoti, akaanza kuikausha sakafu. Mimi nikamnywesha kondoo dawa.

Kesho yake adhuhuri kondoo alinifia mapajani. Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Nilimwambia mama inatosha, ainuke. Hakugeuka, aliendelea kupangusa.