Mshale Ulishuka, Nikasema Ndiyo Afande

Wasomaji wenzangu, mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka. Niliishia darasa la saba, na barua hii naiandika siku ya tatu sasa. Mkikuta herufi imekosewa, irekebisheni wenyewe mkiendelea kusoma. Kosa ninaloungama ni kubwa kuliko hilo. Kama mfereji wa kwenu hapa Kampala umekauka wiki hii, mwenye kosa ni mimi!

Jina sitaji. Mnajua wakati tulio nao.

Kazi yangu ni kuangalia tangi la maji juu ya kilima kimoja hapa mjini. Ndani ya tangi kuna boya. Boya limefungwa waya, waya unapita juu ya kapi, na nje ukutani unaning'iniza mshale wa chuma mbele ya ubao wa namba. Maji yakipanda, boya linapanda na mshale unashuka. Mshale ukiwa chini kabisa, tangi limejaa. Ukiwa juu, tangi ni tupu. Kila mtu wa maji anajua hivyo, hata mfagiaji.

Sajini hakuwa mtu wa maji. Alitolewa kambini akaletwa kuwa mkubwa wetu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ubao, akauona mshale uko chini kabisa.

"Kijana, tangi iko tupu. Wewe nachunga nini hapa, ukuta?"

Jamani, mimi ni mtu wa haya. Mgeni akinisalimu tu, ulimi unakauka. Na huyu alikuwa na bastola kiunoni. Nilitaka kusema limejaa. Kilichotoka ni "Ndiyo, afande."

Akaniamuru nipige simu kituoni bondeni, pampu iwashwe. Huko alikuwa Mzee Yosefu, aliyeiweka hai pampu ile kuukuu kwa vipuri vya kugongwa nyundo na mafundi wa Katwe. Nilimweleza kwa kunong'ona. Alicheka mpaka akakohoa.

"Usimsumbue mkubwa, mwanangu," akasema. "Akisema washa, mimi nazima. Akisema zima, mimi nawasha."

Basi tukaenda hivyo. Sajini akiamuru washa, Mzee Yosefu anazima, watu wanachota, tangi linapungua, na mshale unapanda. Sajini anasugua mikono: linajaa! Mshale ukifika juu anaamuru zima, Mzee Yosefu anawasha, na mshale unashuka. Sajini anatikisa kichwa na kusema watu wa mji huu wanakunywa kama ng'ombe.

Miezi minne! Maji hayakukatika hata siku moja. Nami naungama kwamba nilifurahia. Kila asubuhi nilimuuliza kwa heshima zote tangi likoje leo, ili nipate jibu la kumpelekea Mzee Yosefu simuni.

Kisha ikaja pampu mpya. Ilikuja na mwendeshaji wake, askari kijana asiyejua kucheka, anayefanya kila neno kama lilivyosemwa. Mzee Yosefu akaambiwa apumzike nyumbani. Ikapangwa siku ya uzinduzi, na ofisa mkubwa sana angekuja. Sajini akasimamisha hema la wageni chini ya bomba la kutolea maji yanayozidi, kwa sababu nyasi za pale ni za kijani kuliko kwingine. Sababu ya ukijani wake niliijua.

Hapo kicheko kikaniisha. Sajini akiaibika mbele ya mkubwa yule, huenda asirudi nyumbani kwa mkewe. Watu wamepotea kwa makosa madogo kuliko hayo.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nikamfuata. Maneno nilikuwa nimeyakariri: afande, mshale unasomwa kinyume. Maneno manne tu! Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya tangi akila karanga. Akanimiminia nusu kiganjani.

"Hapa watu yote naogopa mimi, nadanganya mimi," akasema. "Wewe peke yako hapana."

Maneno yangu manne yakarudi tumboni. Nikala karanga.

Kesho yake mshale ulikuwa chini kabisa. Sajini akapiga saluti, akatangaza kwamba tangi ni tupu na wageni wataona nguvu za pampu mpya. Simu akapiga mwenyewe.

Bomba lilikohoa mara mbili. Kisha maji yakashuka juu ya hema. Turubai likafanya kitambi, kitambi kikapasuka, na yule mkubwa akatoka chini yake, kofia imejaa maji kama bakuli. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi, napima kwa macho umbali wa kuikimbilia seng'enge. Sajini alisimama wima, maji yakimchuruzika viwikoni.

Mkubwa akatazama tangi. Akatazama saa yake.

"Tangi tupu, dakika kumi imejaa?"

"Ndiyo, afande," akasema Sajini.

Mkubwa akampa mkono. Palepale akamkabidhi matangi yote ya mji!

Sasa Sajini anazunguka kwa gari. Penye mshale chini anaamuru washa, na maji yanamwagika barabarani. Penye mshale juu anasifu na kuamuru zima. Walinzi wa huko wanajua ukweli, lakini bastola bado ipo, na Mzee Yosefu hayupo simuni.

Mama yangu anakaa Bwaise, huko bondeni. Jumapili nilimkuta amepandisha viatu juu ya kabati.

"Mwiko wangu unaelea jikoni, na mtungi ni mkavu," akaniambia. "Huko kilimani mnafanya kazi gani, baba?"

Nilimjibu kazi ya maji. Sikumtazama.

Ndugu zangu, mkisikia "ndiyo" imefika mdomoni na si kweli, imezeni siku hiyohiyo, ingali ndogo. Yangu sasa ina gari na dereva!

Tena nimeletewa habari: Sajini anakuja Ijumaa kunichukua niwe msaidizi wake, kwa sababu mimi simdanganyi. Nawaomba mniandikie upesi kupitia ukurasa huu. Nipeni maneno matamu zaidi ya yale manne yangu, mwandike kwa herufi kubwa, ili nimsomee bila kumtazama usoni.