Kositimu mbili za kitenge kimoja

Pale mtaani Kadutu, mtu akitaka kuoa na apendeze, humwendea maman Georgette. Watu wanatoka mpaka vijijini Walungu kuja kushonewa kwake. Ni mjane mnene, mcheshi, anayeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia na kuongea na cherehani yake kama na mtu. Basi siku Hervé, mtoto wake wa pekee anayeishi Liège kule Ubelgiji, alipompigia simu kusema anaoa, Georgette alipiga vigelegele mpaka wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara wakamwitikia bila kujua kuna nini.

"Maman, utushonee kositimu mbili, koti na suruali, kitenge kimoja," Hervé alimwambia.

Vipimo vikaja kwa WhatsApp. Georgette akavisoma, akampigia tena.

"Nimeona vya wewe na vya parrain, musimamizi wako. Na vya bibi arusi viko wapi?"

Hervé akashusha sauti. "Maman, hakuna bibi. Vile vingine ni vya Benoît. Yeye njo mutu yangu."

Georgette alimjua Benoît. Ni yule Mbelgiji mrefu anayekaa nyumba moja na mwanawe, ambaye kila Jumapili hujitokeza kwenye video na kusema, "Jambo maman, umeamuka?" hata iwe jioni. Georgette alikata simu. Akafunika cherehani kwa shuka, akaenda kulala mchana kweupe.

Kesho yake akamweleza Carine, rafiki yake wa kwaya. Carine akatoa simu, akamwonyesha mhubiri mmoja wa Marekani, aliyetafsiriwa kwa Kifaransa, akipiga meza na kuwalaani watu wa namna hiyo.

"Unasikia, mama Hervé? Hii mambo inatoka kwa Bazungu. Haiko ya kwetu."

Georgette aliitazama video mpaka mwisho. "Na huyu anayepiga meza, ni Mushi mwenzetu wa kijiji gani?"

Carine alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda.

Ndipo Georgette akamsimulia habari za baba yake mdogo, Barthélemy, kule Walungu. Alikaa nyumba moja na Delphin, fundi wa kujenga, tangu ujana wao mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuna aliyewatafutia jina. Barthélemy alipokufa, wazee walimkalisha Delphin mbele kwenye matanga, pahali pa mjane.

"Pale hapakuwa simu wala Muzungu," Georgette alisema. "Na mimi njo nilimupelekea uji."

Carine alisema atafikiri.

Jioni Georgette akampigia mwanawe. Hervé aliitika kwa sauti ya woga.

"Hervé, mabega ya Benoît iko kubwa vile kweli, ao mulipima mubaya?"

Akamsikia mtoto wake analia na kucheka pamoja.

Alishona kwa furaha, kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, akazituma kositimu kwa msafiri. Jumamosi ya arusi akakaanga sinia zima la sambaza, vidagaa vya ziwani, akaegemeza simu kwenye cherehani. Waimbaji wawili wa kwaya walikuwa wameacha kumsalimia, na hilo lilimuuma. Lakini Carine alikuja, amejipamba.

"Nimekuja kuona kazi ya mukono yako tu," alisema, akavuta kiti karibu.

Mara wakaonekana wawili hao kwenye simu, wanatoka kwa bourgmestre, meya aliyewafungisha ndoa, kositimu zinang'aa.

"Hervé, geuka! Nione mugongo."

Hervé akageuka mbele ya wageni wote. Benoît naye akageuka.

"Benoît, suruali inakubana. Unakula sana!"

Hervé akatafsiri, watu wakaangua kicheko. "Ndiyo, maman," Benoît akaitika, mkono tumboni.

Carine, aliyekuja kuona kazi ya mkono tu, ndiye aliyeanzisha wimbo wa arusi kwa Kimashi, lugha ya kwao. Georgette akaudaka juu, na kule Liège Hervé akawaitikia, huku Benoît akipiga makofi nje kabisa ya mdundo.