Figo ya Maman na kodi ya soko

Papa yangu hakuamini kitu chochote ambacho Leta, ile serikali yetu, ilikuwa inatoa bure. Alikuwa anafanya kazi mu biro ya Leta yenyewe, kila asubui mu koti yake ya kijivu ya abakosti, na pengine ndiyo sababu. Basi siku tonton, mujomba wangu, aliingia kwetu Kadutu akicheka, akatangaza kwamba Maman hatalipa tena kodi ya soko, Papa aliweka kikombe chini.

"Na wanataka nini?" aliuliza.

"Hawataki kitu, beau-frère. Ni shukrani."

"Leta inashukuru mutu? Aka! Tangu lini?"

Tonton alikuwa ndugu mudogo wa Maman, comptable, mutu wa mahesabu, mu kampuni moja ya majani ya chai. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Kampuni ikakubali kumupeleka Bulaya, na waganga wa kule wakasema wanahitaji figo ya mutu wa damu moja. Maman hakungoja kuulizwa. Alipanda ndege, mwanamuke ambaye alikuwa hajavuka hata muto wa Ruzizi, akarudi na kovu kubwa kuanzia mugongo mupaka karibu na kitovu. Kwa muda murefu hakuweza kuinua hata ndoo ya maji.

Na kazi yake ilikuwa ya kuinua. Alikuwa anauza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, ku soko ya Nyawera. Wamama wa sambaza walikuwa na mustari wao. Kukipambazuka wanashuka pamoja ku beach, fasi mitumbwi inafika, mumoja wao anapatana bei na wavuvi kwa niaba ya wote, halafu wanagawana kwa sahani moja, wanapanda na mabeseni ku kichwa. Mwanamuke asiyekuwa mu mustari, wavuvi walikuwa hawamuoni hata akisimama mbele yao na franga mukononi. Na sisi nyumbani tulikuwa tunakula kwa ile beseni. Mushahara wa Papa ulikuwa unakuja wakati unataka, na mara nyingi haukutaka.

Tonton alikuwa anajua haya yote, na yalimuuma. Dada yako anakupa figo, utamulipa na nini? Akaenda kumuona commissaire wa zone, mukubwa wa Leta kwetu, akamueleza: huyu mwanamuke ameokoa mutu, ameacha nguvu zake kule, ameacha biashara yake miezi, angalau Leta isimukamate kodi mupaka apone vizuri. Commissaire akakubali, akamwambia mulipishaji wa soko amuruke Maman. Mimi mupaka leo nasema wazo lilikuwa zuri, na haki ilikuwa yake. Lakini tonton alikuwa mutu wa biro, hakuwahi kukaa ku soko.

Mulipishaji alikuwa anapita kila asubui na mufuko wake wa ngozi. Unalipa, anakupa tike, unaifunga ku pembe ya kitenge. Alipofika kwa Maman aliangalia pembeni kama mutu anapita ku kaburi, akaenda kwa mwenye kufuata. Siku ya kwanza wamama walifikiri amesahau. Kisha wakaona hasahau.

"Banamuruka juu ya nini, yeye?"

"Si aliuzisha figo kwa bazungu? Commissaire alikula fungu yake."

"Figo gani? Ule iko masikio ya Leta. Alienda Bulaya kufanya nini, mwanamuke wa Kadutu?"

Hilo la masikio, la kupelekea Leta maneno ya watu, halikuwa muchezo. Miaka ile ya Zaïre mutu alikuwa anaweza kusema neno moja juu ya bei ya muhogo, na kesho bibi yake anamutafuta kila fasi. Kwa hiyo Maman akifika, maneno yanakatika. Mwanzoni walikuwa wanapokezana kumubebea beseni ku ile mupando, maana ubavu wake ulikuwa bado. Sasa kila mumoja alikuwa na mugongo unaouma.

Nyumbani Papa alikuwa anarudilia wimbo wake. "Lipa. Lipa kama wengine, ulale. Kitu Leta inakuachilia leo, kesho itakidai pamoja na watoto wake."

Maman alikuwa anashika ubavu. "Mimi nilishalipa."

Siku ya Mungu moja, kisha misa, wamama wakakuja kwetu. Mbele yao presidente wa mustari, mama mukubwa mwenye sauti ya kuita mutoto toka ngambo ya ziwa. Walikaa, nikawapa chai, hakuna aliyeigusa. Presidente hakuzunguka: wanataka kuona. Maman akasimama akainua blauzi yake, hapo mu salon, na mimi nikiwa nimesimama na birika. Nilitamani kuwamwagia ile chai yote.

Waliangalia. Waliangalia sana.

"Kovu tumeiona," presidente akasema. "Lakini kovu haisemi nani anakulipa."

Halafu mumoja mwembamba, ambaye alikuwa anakaa ku mwisho wa mustari, akasema polepole, hata bila hasira: "Mimi banganga balinipasua kila nilipozaa. Watoto wawili niko nao, wengine niliwazika. Nani aliniachilia kodi?"

Kesho yake walishuka ku beach bila yeye.

Alienda peke yake. Wavuvi hawakumuona. Akaanza kununua kwa mukono wa pili, sambaza zilizolala, kwa bei ya kulia. Mboga kwetu ikawa sombe, majani ya muhogo, leo na kesho, na mimi nikaanza kurudishwa kutoka masomo kwa kukosa franga. Nilikuwa nawachukia wale wamama, ninakuambia kweli, kila mumoja na jina lake.

Basi kuna siku nilirudishwa tena, nikapita ku soko kumusaidia. Mulipishaji akafika, na safari hii hakuangalia pembeni.

"Citoyenne! Unafikiri soko ni ya papa yako? Kodi! Ya leo na ya nyuma yote!"

Maman akapiga magoti. Maman yangu! Kitambaa kikaanguka kichwani. Yule mwanaume akanyakua beseni, akamuita mwizi, akamuita mutu wa kujifanya mugonjwa. Mama wee! Mustari wote ulisimama. Presidente akaingiza mwili wake muzima katikati: "Rudisha! Rudisha beseni ya mugonjwa, wewe mutu bila mama!" Yule mwembamba akamumwagia maji ya samaki ku viatu. Mulipishaji akakimbia, watu wakimuzomea mupaka barabarani, na wamama wakachangishana pale pale tike ya Maman.

Kesho yake, mwangaza haujakuja vizuri, tukasikia sauti ya presidente ku mulango: "Maman, unashuka ama haushuke?" Akashuka, na toka siku ile akalipa kodi kama wengine.

Papa alisema tu, "Niliwaambia." Tonton alikuja mbio, akaapa kwamba commissaire hakubadilisha kitu, hakutoa amri yoyote. Papa alimucheka usoni. Alimuita mwongo na mutumishi wa waongo, na kwa miaka walisalimiana ku matanga tu. Maman alikuwa ameketi pale, anasikia yote, akaomba tu mutu amupe chumvi.

Miaka mingi kisha, nikiwa na watoto wangu, nilimukuta yule mulipishaji Nyawera, muzee sasa, ameketi mbele ya duka anaota jua. Nilitaka kupita. Yeye ndiye aliniita.

"Mama yako aliniweka mu shida, ile siku. Viatu vyangu vilinuka sambaza mupaka nilivitupa."

"Ulimutukana mbele ya watu, papa."

"Yeye ndiye aliniomba! Alikuja kwangu mangaribi ya jana yake. 'Unitukane,' akasema. 'Unitukane vizuri, wasikie wote, uninyanganye na beseni.' Nilikataa. Nikamwambia maman, una haki, commissaire mwenyewe alisema. Akalia. Ile maneno yote niliyosema, ni yeye alinifundisha."

Nilipanda Kadutu kwa miguu, hasira imenijaa. Nilimukuta Maman anachagua maharagi. Sikusalimia.

"Ilikuwa haki yako! Na ukaacha tonton aitwe mwongo miaka yote hii!"

Hakuinua kichwa. "Tonton nilimupa figo. Hata na hiyo anaweza kuvumilia."

"Na kodi? Ulilipa mupaka uliacha soko!"

Alitupa jiwe moja dogo inje, akaniangalia.

"Na figo moja mutu anaishi," akasema. "Bila mustari, mungekula nini?"