Kache Alitaka Kuimba Harusini

Siku niliyomwona Kache kwa mara ya kwanza, stima ilikuwa imepotea Garsen nzima, na ndiyo maana tulikuwa kwenye mazoezi. Bendi yetu ilikuwa ya watu wawili: Kadenge kwenye gitaa, mimi kwenye ngoma. Jibril, fundi wa kuchomelea vyuma, alituachia kibanda chake kila stima ilipokatika, kwa sababu mashine yake ikiwa kazini husikii hata unachowaza.

Mwanamke akasimama mlangoni na beseni la kambare wa kukaanga kichwani.

"Nyinyi ndio bendi?"

"Ndio sisi, mama," Kadenge akajibu. "Lakini leo hatuna hata ya samaki."

"Sijaja kuuza. Nimekuja kuimba."

Kadenge akacheka hadi akaegemea ukuta. "Imba basi, Mama Samaki. Kambare wenyewe wanangoja."

Akalitua beseni juu ya geti ambalo Jibril hakuwa amelimaliza, akaimba. Jibril, aliyekuwa amelala chini ya meza, aliamka akakaa kitako. Mimi si mtu wa maneno, nikaingia na ngoma polepole nyuma yake. Kadenge hakucheka tena.

"Nataka kuimba harusini," Kache alisema alipomaliza. "Nina binti mmoja, Cynthia. Siku yake ikifika nataka nimwimbie mwenyewe."

Kazi ya kwanza tuliyopata haikuwa harusi. Ilikuwa matanga ya mzee mmoja upande wa Chara. Kache alimuuliza mjane mumewe alipenda nini, akaambiwa alipenda baiskeli yake isiyo na breki. Akaitia ile baiskeli kwenye wimbo, watu wakacheka na machozi yakiwatoka. Kisha akafanya jambo alilolibuni papo hapo. Alisimama mlangoni kwa marehemu, akaliita jina lake, akanyamaza kama anayengoja jibu. Akaliita mara ya pili, akanyamaza. Alipoliita mara ya tatu alinitazama mimi, nami nikapiga ngoma mahali pa jibu. Nyumba yote ikalia.

Tangu siku hiyo simu ya Kadenge haikutulia, lakini kila aliyepiga alikuwa amefiwa. Wapokomo walituita, Wagiriama walituita, na kila tulipokwenda walitaka Kache aite jina. Tukienda kuomba kazi ya harusi, watu walitukaribisha chai na kuzungumza habari za mvua. Mwanamke mmoja sokoni alimwambia waziwazi, "Dadangu, wewe nitakuita, lakini si sasa. Acha mama mkwe azidiwe kwanza." Wenzake wakacheka. Kache naye alicheka, akaendelea kupanga samaki wake.

Cynthia akapata mchumba, kijana anayeitwa Randu, mkulima wa Bura. Mamake Randu, Mama Zipporah, hakutaka bendi ya matanga nyumbani kwake. Cynthia akasema mamake asipoimba, yeye haendi kanisani. Mama Zipporah akakubali, midomo ameibana.

Miezi ile tulikuwa tukiiombea stima ikatike. Kache alitunga wimbo wa harusi, akautupa, akatunga mwingine.

"Huo unalia," Kadenge alimwambia.

"Haulii, ndiyo sauti yangu."

"Basi ipe soda, mama, ichangamke."

Alijaribu kuimba huku anatabasamu, Jibril akamwambia anafanana na mtu anayeumwa na jino. Tukacheka sote. Lakini ule wimbo wa mwisho ulitoka vizuri. Niliupenda, ingawa sikumwambia.

Siku ya harusi tulifika Bura mapema, tukafunga spika chini ya turubai. Baada ya kanisa bibi harusi aliketi mbele, na Randu akabaki kule kwenye mfereji wa mashamba akisalimiana na vijana wenzake. Chakula kilikuwa tayari, watu wamechoka kungoja.

"Bwana harusi yuko wapi?" Kadenge akauliza kwenye maiki, akamgeukia Kache. "Mama mkwe, hebu mwite mwanao!"

Alikuwa anatania. Kache akaichukua maiki akicheka.

"Randu ooo!" akaita.

Akanyamaza.

Nadhani yeye mwenyewe hakujua kwamba amenyamaza. Mdomo ulishazoea. "Randu ooo!" akaita tena, akangoja. Waliotoka Garsen wakaacha kuzungumza, kwa maana walikuwa wamelia nasi katika matanga mengi. Mara ya tatu alipoita alinigeukia, na hapo ndipo nilipoona macho yake yameelewa. Mikono yangu ilikuwa juu ya ngoma. Sikuipiga.

"Naam, mama!" Randu akajibu, akiingia mbio chini ya turubai, meno yote nje.

Mama Zipporah aliangusha sinia la pilau. Mwanawe alikuwa ameitika mahali ambapo haitikii mtu aliye hai.

Hakuna aliyetutukana. Walitupakulia chakula kabla ya wageni wote, haraka, ili tuondoke. Ule wimbo haukuimbwa. Mama Zipporah alitusindikiza hadi barabarani, akamshika Kache mkono kwa heshima zote.

"Mkwe wangu, sauti yako ni nzuri," akasema. "Iache Garsen."

Randu ni mzima mpaka leo. Lakini kila alipopata homa kidogo, Cynthia aliangaliwa vibaya pale nyumbani. Kache alirudi kwenye matanga, maana simu zilikuwa zile zile. Alipoita majina sasa alifumba macho.

Kisha Cynthia akajifungua kwa shida, akashindwa hata kuinua ndoo. Akamtaka mamake. Mama Zipporah alikubali kwa sharti moja: asiimbe pale nyumbani, hata kumbembeleza mtoto.

"Utaweza?" Kadenge akamuuliza.

"Nifanye nini, nimwache mwanangu?"

Nilimsindikiza hadi kwenye bodaboda, nikamfungia mzigo wake nyuma. Beseni alikuwa amempa Jibril. Nilitaka kumwambia kwamba ule wimbo ulikuwa mzuri, nikaishia kuikaza kamba ambayo ilishakazika. Nikasema tu kwamba nitakuja kuwaona.

"Njoo, Kaingu," akasema. "Ila ukifika mlangoni piga hodi tu. Usiniite jina."