Mtoto Aliyenenepa Nyumba Ikiwa Imetengwa

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku nyumba ya wifi yangu Marselina ilipoacha kutengwa. Enzi zile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yametuzunguka hapa Gendabi, na kwa mila yetu nyumba iliyozika mtoto mchanga ilikaa peke yake kwa miezi. Hamwombani moto, hamtembeleani.

Marselina alikuwa amezika wavulana wawili, wote kwa kifua na vidonda vya mdomoni. Binti yake alikuwa mzima kabisa. Basi maneno yakaanza: mbona wa kiume tu? Wachache walishuku dawa iliyomwagwa na ndege kwenye ngano. Wengi tulimshuku yeye, na mimi nilikataa hata uji wake.

Mvulana wa tatu alizaliwa wakiwa bado wametengwa. Tulimwona kwa mbali mgongoni mwa mama yake, amenenepa, anacheka. Wazee waliporuhusu watu waingie, tulijaa pale na pombe. Mtoto akapita mikononi mwa kila mtu, na msimu ule nusu yetu tulikuwa tunakohoa. Wiki haikuisha akawa anapumua kwa shida. Minong'ono ikarudi, na kaka yangu akasema atamrudisha mkewe kwao, kijiji cha Daudi.

Shangazi yetu, mama asiyependa maneno mengi, akatukalisha chini.

"Akiwa na mama yake tu alinenepa," akasema. "Ameugulia mikononi mwetu. Sasa mnamshuku nani?"

Kaka aliwapeleka hospitali kwa lori la ngano. Mtoto hakurudi, lakini Marselina alirudi nyumbani kwake, na hakuna aliyemfukuza tena.

Miaka ilipita, yule binti akazaa mvulana anayeugua kila mara. Daktari akauliza kama kuna wajomba waliokufa wachanga. Sisi tulitaka kuficha. Marselina akawataja wanawe wote kwa majina. Ndipo tukaambiwa kuwa ni ugonjwa wa kurithi: mtoto anazaliwa bila kinga ya kutosha mwilini, mama anaubeba bila kuumwa, na wavulana ndio wanaougua. Mjukuu huyo anatibiwa mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujamshuku mwenzio, jishuku wewe kwanza. Ukiwa na kikohozi, usibebe mtoto wa watu. Daktari akiuliza habari za marehemu wenu, usimfiche. Nenda salama, na Mungu akujalie watoto watakaokuzika wewe.